Kungoja Bila Kalenda

Saa kumi alfajiri katika mwalo wa Igombe, mahali mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga kando ya Ziwa Victoria, Mwanza, taa za wavuvi wa dagaa huwa bado zinaonekana mbali ziwani, zimejipanga kama mji ambao mchana haupo. Wanawake huanza kufika wakati huo, mmoja mmoja, wamejifunika kanga kichwani kwa sababu ya upepo wa ziwa, na kila mmoja ana ndoo yake. Hakuna anayejua mitumbwi itarudi na nini. Usiku mmoja mtumbwi hurudi umejaa hadi maji yanakaribia kingo. Usiku unaofuata wavuvi walewale, kwa nyavu zilezile, hurudi na dagaa wasiotosha kulipia mafuta ya injini. Mama yangu alikuwa miongoni mwa wanawake hao kwa zaidi ya miaka 20. Ndoo yake ilikuwa ya plastiki, ya lita 20, ya buluu iliyokwisha kupauka, na mpini wake wa waya alikuwa ameuzungushia kitambaa ili usimkate kiganja. Siku alizorudi nyumbani na ndoo tupu sikuweza kuzihesabu, na bado sikumbuki hata siku moja aliyoshuka ufukweni mikono mitupu, akisema kwamba ataifuata ndoo nyumbani iwapo dagaa watakuwapo.

Nimeanza na ndoo hiyo kwa sababu mengi ninayoyajua kuhusu kumngoja Mungu nilijifunza kando yake, na nilijifunza kwa kuchelewa.

Nilihitimu shahada ya ualimu mwaka 2015, masomo ya Kiswahili na Historia. Waliotutangulia chuoni walikuwa wamezoea kwamba mtu akimaliza, baada ya miezi michache majina hutoka, anapangiwa kituo, anaripoti, maisha yanaanza. Mwaka 2016 ajira mpya serikalini zilisitishwa kupisha uhakiki wa watumishi, na zilipofunguliwa tena nafasi zilikuwa chache, walimu wa sayansi na hisabati wakitangulizwa, huku kila mwaka ukileta wahitimu wapya nyuma yetu. Nikarudi Igombe na vyeti vyangu ndani ya bahasha ya plastiki. Siku tatu kwa wiki nilijitolea kufundisha katika shule ya jirani. Siku zilizobaki nilianika dagaa pamoja na mama.

Kuanika dagaa ni kazi ya kulitazama jua usoni. Unawamwaga juu ya chanja, au juu ya mchanga kwa wasio na chanja, unawatandaza kwa viganja hadi hakuna anayemlalia mwenzake, kisha unawageuza kabla upande wa juu haujakauka kupita kiasi. Jua likiwaka sawasawa, siku moja inatosha. Magamba madogo ya fedha hukauka juu ya vifundo vya mikono, na hata ukinawa kwa sabuni mara tatu, harufu unakwenda nayo kanisani. Mvua ikinyesha dagaa wakiwa nje, wanaharibika, na mzigo uliokuwa chakula cha watu unauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Wakati wa masika nilimwona mama akisimama katikati ya kazi, amegeuza uso kuelekea ziwani, akinusa upepo.

Jambo jingine unalojifunza upesi mwaloni ni mwezi. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na za sola. Taa huwavuta dagaa juu, nao wavu huwazunguka. Mwezi unapokuwa mpevu, nuru yake hutanda ziwa zima, na taa ya mvuvi hupoteza nguvu yake, kwa hiyo kazi husimama. Siku hizo huitwa siku za mbalamwezi, nazo ni kama 10 katika kila mwezi. Mwalo hunyamaza. Vijana wa kambini hushona nyavu, wengine huenda kuziona familia zao Sengerema au Ukerewe, na wanawake kama mama huishi kwa akiba au kwa deni. Hakuna anayelaumu ziwa. Kila mtu anajua dagaa wako palepale, na giza litarudi kwa tarehe yake.

Katika miaka ya mwanzo nilijifariji kwa mfano huo. Nilijiambia kwamba niko katika mbalamwezi yangu, na giza langu litakuja. Mhubiri mmoja wa kwetu aliwahi kuutumia mfano huo madhabahuni, nami nikaitikia amina kwa sauti kubwa. Lakini mwaka wa tatu ulipoingia mfano ulianza kunivunjikia mikononi, kwa sababu mvuvi anayengoja giza ana kalenda ukutani, nami sikuwa nayo. Anahesabu siku sita zilizobaki, kisha tano, kisha nne. Mimi nilikuwa nahesabu kwenda mbele tu: mwaka mmoja, miwili, mitatu, bila kujua nambari ya mwisho ni ipi, wala kama ipo. Anayejua tarehe hakuombwa imani kubwa, ameombwa uvumilivu tu. Aliyenyimwa tarehe ndiye anayelazimika kujiuliza kama Yule anayemngoja yupo na anamjua kwa jina.

Biblia, nilipoisoma wakati huo kwa macho ya mtu asiye na kalenda, haikunificha jambo hilo. Abrahamu alitoka Harani akiwa na miaka 75, na Isaka alizaliwa baba yake akiwa na miaka 100. Miaka hiyo 25 tunaitaja haraka sana katika mahubiri. Kilichonishika mimi ni mahali padogo ndani yake. Mstari wa mwisho wa sura ya 16 ya kitabu cha Mwanzo unasema kwamba Abramu alikuwa na miaka 86 Hajiri alipomzalia Ishmaeli. Mstari wa kwanza wa sura ya 17, unaofuata papo hapo, unasema alikuwa na miaka 99 BWANA alipomtokea. Kati ya mistari hiyo miwili kuna miaka 13, na Biblia haisemi hata neno moja juu yake. Msomaji huruka miaka hiyo kwa kupepesa jicho. Abrahamu aliiishi asubuhi baada ya asubuhi, akichunga mifugo, akichimba visima, akizeeka, akiwa na ahadi ambayo mwenye kuitoa alikuwa amenyamaza.

Nilikaa muda mrefu katika nafasi hiyo nyeupe kati ya sura mbili. Ilinipa kitu ambacho shuhuda nyingi za Jumapili hazikunipa: ilinionyesha kwamba ukimya wa Mungu umo ndani ya hadithi yake.

Hata hivyo sikuishi kwa hekima hiyo, na ni haki niseme lililotokea. Mwaka 2018 alipita mhubiri mgeni, akafanya mkutano wa siku nne, akatangaza kwamba kila anayengoja kazi alete sadaka ya mbegu naye ataipata kazi hiyo ndani ya siku 21. Nilikuwa na shilingi 150,000. Fedha hizo hazikuwa zangu kwa kweli. Zilikuwa mtaji wa mama ambao nilikuwa nimeutunza kwenye simu. Nilizitoa zote. Kwa siku 21 niliamka na furaha ambayo sasa nikiikumbuka moyo unaniuma, na siku ya 22 niliamka, nikalala tena, nikageukia ukuta.

Nilipomwambia mama nilitegemea anigombeze. Alikaa kimya, akaendelea kuchagua mchele uliokuwa kwenye ungo, kisha akasema: "Mwanangu, Mungu hakopeshwi. Mimi nadaiwa, wewe unadaiwa, Yeye hadaiwi." Usiku ule alishuka mwaloni na ndoo yake bila senti, akachukua dagaa kwa mali kauli.

Ninataka kukaa kidogo kwenye neno hilo la biashara, mali kauli, kwa maana naamini ndani yake mna elimu ya imani kuliko katika mkutano ule wote wa siku nne. Mali kauli ni mzigo unaopewa kwa neno lako tu. Hakuna karatasi, hakuna shahidi, hakuna rehani. Mvuvi anammiminia mama dagaa ndoo mbili, mama anasema atalipa akiuza, basi. Sasa, mvuvi yule anategemea nini? Hajui kama jua litawaka kesho. Hajui kama mnunuzi atakuja na gari au gari litaharibikia njiani, wala hajui mama atauza siku gani. Kwa habari ya tarehe hana uhakika wowote, naye anatoa mali yake kwa mkono mweupe. Anaitoa kwa sababu anamjua mama. Anamjua kwa miaka. Ameona kwamba mwaka ule mvua ilipoharibu mzigo mzima, mama alimfuata yeye mwenyewe asubuhi, kabla hajaitwa, akamweleza, akalipa kidogo kidogo hadi deni likaisha. Uaminifu wa mama ulikuwa ni yeye mwenyewe jinsi alivyo, mvua ikinyesha au jua likiwaka. Siku aliyolipa ilithibitisha tu kile ambacho mvuvi alikuwa akikijua.

Hapo ndipo nilipotambua kosa langu, na sidhani lilikuwa langu peke yangu. Nilikuwa nimeuweka uaminifu wa Mungu wote ndani ya tarehe. Nilifikiri Mungu atakuwa mwaminifu siku majina yatakapotoka, na hadi siku hiyo uaminifu wake ulikuwa jambo la kusubiriwa, kama mshahara. Nilikuwa namdai. Mvuvi wa Igombe alimtendea mama yangu heshima kubwa kuliko niliyomtendea mimi Mungu niliyemwimbia tangu utoto.

Lugha yetu yenyewe ingeweza kunifundisha mapema. Imani, uaminifu, amana, na ile amina tunayofungia sala ni maneno ya ukoo mmoja yaliyotufikia kupitia Kiarabu, na Kiebrania cha Agano la Kale kina mzizi huohuo. Neno la Kiebrania tunalolisoma kama uaminifu ni emuna, na mara ya kwanza linapotokea katika Biblia halizungumzii moyo wala ahadi, linazungumzia mikono. Ni katika Kutoka 17, Israeli wakipigana na Amaleki kule Refidimu. Musa yuko kilimani ameinua mikono, na mikono inakuwa mizito. Haruni na Huri wanamwekea jiwe akae, mmoja anashika mkono wa huku na mwingine wa huku, na mikono yake, tunasoma, ikathibitika hadi jua lilipokuchwa. Huko kuthibitika ndiyo emuna. Mikono haikutikisika mpaka jioni. Ni neno hilohilo linalotumika katika Maombolezo 3:23, "Ni mpya kila siku asubuhi, uaminifu wako ni mkuu," mstari ambao tunauandika kwenye kadi za harusi na kwenye vioo vya daladala, tukisahau kwamba umekaa katikati ya kitabu cha kilio, uliotamkwa na mtu aliyekuwa akiutazama mji wake ukiwa magofu, na ambaye mistari michache kabla ya hapo amelalamika kwamba hata akilia na kuomba msaada, maombi yake yanazuiwa. Hakuungoja mji ujengwe upya ndipo aseme.

Tangu nilipoyajua hayo nilianza kutazama mikono. Mama mkubwa alikuwa anakuja kutoka Kayenze kila mwisho wa mwezi na unga wa muhogo ndani ya kiroba, akiuweka mlangoni kabla hajabisha ili asionekane anatoa. Mwalimu mkuu wa shule niliyojitolea alinipa nauli kutoka mfukoni mwake, akiniambia kila mara kwamba amesahau kunipa ya juma lililopita. Wavuvi waliendelea kutoa mali kauli. Kwa miaka 8 hatukulala njaa, na mbele za Mungu ninasema kwamba miaka mitano ya hiyo sikuona chochote kati ya haya kuwa jibu, kwa sababu nilikuwa nimekaza macho kwenye orodha ya majina. Sisemi kwamba unga wa mama mkubwa ulichukua nafasi ya ajira. Nilihitaji ajira, niliiomba, na niliendelea kuiomba kila majira yalipofunguliwa, nikituma maombi upya, vyeti vilevile, nakala zilezile. Ninachosema ni kwamba mikono ilikuwa imeinuliwa wakati wote ule, nami nilikuwa nimeangalia upande mwingine.

Mama alikuwa na mstari wake, Zaburi 130:6: "Nafsi yangu inamngoja Bwana, kuliko walinzi waingojavyo asubuhi, naam, walinzi waingojavyo asubuhi." Nilimwuliza siku moja, kwa kiburi changu cha mwalimu wa lugha, kwa nini mwandishi amerudia maneno yaleyale. Akasema amerudia kwa sababu usiku wenyewe ni mrefu.

Mwaka 2020 mama alianza kuvimba miguu, na tulipompeleka hospitali tuliambiwa ni figo. Sitaandika mengi juu ya mwaka huo. Ndoo aliendelea kuibeba hadi alipokuwa haiwezi hata ikiwa tupu, na hapo mama mkubwa akahamia kwetu. Jioni moja ya Agosti 2021, nikimkanda miguu, aliniuliza, "Majina bado?" Nikamjibu, "Bado, mama." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayepanga safari ya keshokutwa: "Siku ya kuripoti uvae viatu vya chini. Shule za vijijini zina mchanga." Nilicheka, nikamwahidi. Hakunishauri kuendelea kuamini, wala hakuniombea kwa kuniwekea mkono kichwani. Alizungumza habari za viatu. Siku tisa baadaye alilala katika Bwana.

Waebrania 11:13 inasema juu ya Abrahamu na wenzake kwamba "wakafa katika imani, wasijazipokea zile ahadi, bali wakiziona tokea mbali na kuzishangilia." Niliusoma mstari huo kwenye matanga, nikaifunga Biblia, nikakasirika. Kwa miezi mingi niliona ni mstari mkatili. Aliyeomba kuliko wote hakuona. Nilipokwenda kanisani nilikaa kiti cha nyuma, na nyimbo ziliponyanyuka niliacha wengine waimbe kwa niaba yangu. Na ninamshukuru Mungu kwa ajili ya hao wengine, kwa maana kuna nyakati ambazo imani ya mtu hubebwa na waliokaa viti vya mbele bila wao kujua.

Majina yalitoka mwaka 2023. Nililiona jina langu kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nikiwa nimesimama nje ya steshenari ambapo watu walikuwa wakisukumana kuchapisha orodha. Pembeni yangu alikuwapo kijana tuliyesoma naye chuo kimoja, mhitimu wa mwaka uleule wa 2015, na jina lake halikuwapo. Alinishika mkono, akanipongeza kwa moyo wote, akaondoka akiwa anatembea polepole. Kwa sababu yake, Jumapili iliyofuata nilipoitwa mbele kutoa ushuhuda, sikuweza kusema yale yanayosemwa kwa kawaida, kwamba nilingoja nami nimelipwa, kana kwamba yeye hakungoja vya kutosha. Nilisema habari za unga wa muhogo, za mali kauli na za mikono. Watu walipiga makofi machache. Nadhani walitarajia jambo kubwa zaidi. Kijana yule bado anangoja ninapoandika haya, nami ninamwombea kazi kwa jina, kila siku, kwa kuwa kujua kwamba Mungu ni mwaminifu hakumfanyi mtu aache kuomba mkate. Nami mwenyewe yapo mengine ninayongoja, ambayo si ya kuandikwa hapa, na kwa hayo pia sina tarehe.

Nilipangiwa kituo katika wilaya ya Sengerema. Niliondoka Mwanza mjini asubuhi, nikavuka kutoka Kigongo hadi Busisi kwa kivuko, kando ya nguzo za daraja lililokuwa likijengwa wakati ule na ambalo lilifunguliwa Juni 2025. Foleni ya magari ilikuwa ndefu, na wachuuzi wakipita na mayai ya kuchemsha na karanga. Mama mkubwa alikuwa amenisindikiza hadi kivukoni. Alinitazama kuanzia kichwani, akashuka hadi miguuni, akatikisa kichwa kwa kuridhika, asiseme neno. Ng'ambo ya pili nilipanda basi dogo, kisha bodaboda, na bodaboda ikanishusha mahali ambapo dereva alisema pikipiki haiwezi kuendelea. Kutoka pale hadi shuleni ni mwendo wa dakika kama 15 kwa miguu, na njia yote ni mchanga.